Ubongo wa Mtu Anayengoja

Kaskazini ya Lilongwe, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 40 katika wilaya ya Dowa, ipo kambi ya Dzaleka, mahali ambapo zama za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la kuwafungia mahasimu wa siasa, na ambapo tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya watu waliokimbia vita na mauaji ya Kongo, Burundi na Rwanda, pamoja na wachache kutoka Ethiopia na Somalia. Kambi ilikusudiwa watu 10,000 au 12,000 hivi. Leo wamo zaidi ya 50,000, na lugha inayowaunganisha sokoni, kanisani, msikitini na penye foleni ya maji ni hii yetu ya Kiswahili, ikisemwa kwa lafudhi za Uvira, Fizi, Bukavu na Bujumbura. Wamo humo vijana waliozaliwa kambini, wakasoma kambini, wakaoa na kuolewa kambini, na wote, wakubwa kwa wadogo, wanangoja jambo ambalo hakuna mtu awezaye kuwatajia siku yake: ama kurejea kwao, ama kuhamishiwa nchi ya tatu, ama kuruhusiwa kuishi Malawi kama waishivyo wenyeji.

Aghalabu mgeni aingiapo Dzaleka akamkuta mtu mzima ameketi mlangoni pake tangu asubuhi hata adhuhuri, macho yako mbali, haitikii salamu ila baada ya kuitwa mara ya pili, husema moyoni kwamba huyo anasumbuliwa na aliyoyaona vitani. Huenda ikawa ni kweli, lakini ni nusu ya kweli, na nusu iliyosalia ndiyo nitakayo kuizungumza: kwamba ubongo wa mwanadamu huumizwa pia, na pengine kwa ukali usiopungua ule wa vita, na kutojua litakalokuja na kukosa mamlaka ya kulibadili, na kwamba jeraha hili la pili hufanywa upya kila siku, na watu walio hai, kwa amri na taratibu ambazo zingeweza kuwa nyingine.

Natuanze na maumbile yenyewe. Ubongo wa mtu mzima, wenye uzito wa kilo 1.4 hivi, ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, walakini hula peke yake kiasi cha asilimia 20 ya nguvu yote ambayo mwili huitumia mtu akiwa ametulia. Na sehemu kubwa ya kazi yake, usiku na mchana, ni kukisia: kukisia kitakachotokea baada ya pumzi moja, baada ya saa moja, baada ya mwezi, ili mwili upate kujiandaa kabla jambo halijafika. Kwa hiyo hofu, ambayo watu wengi huidhania kuwa ni udhaifu wa moyo, ni makisio ya ubongo kwamba hatari ipo njiani, na makisio hayo hufanywa kwa kasi ambayo fikira zetu haziwezi kuifuata.

Ndani ya ubongo, kila upande, limefichama fungu dogo la seli za neva liitwalo amigdala, ambalo hupokea habari ghafi za macho na masikio hata kabla sehemu za juu za ubongo hazijazichambua, nalo hufanya kazi ya mlinzi wa usiku ambaye akisikia mchakacho nyuma ya ua hasubiri kupambazuke ajue kama ni mwizi au ni mbuzi, hupuliza filimbi kwanza. Katika Old Town ya Lilongwe, kandokando ya soko kuu, ambapo makondakta wa minibasi huita abiria kwa sauti za kushindana na wachuuzi hupanga nyanya zao kwa mafungu, gurudumu likipasuka watu wote hushtuka. Mwenyeji hucheka mara moja na kurudia kuchagua nyanya, ilhali yule aliyetoka Fizi akiwa mtoto, ambaye usiku wa kukimbia aliusikia mlio unaofanana na huo, huendelea kutetemeka hata baada ya kuliona gurudumu lenyewe kwa macho yake. Akili yake imekwisha kuelewa. Filimbi bado inalia.

Yanayofuata mwilini yalielezwa na mabingwa wa fiziolojia wa karne iliyopita. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 1915, alionyesha jinsi adrenalini itokayo katika tezi zilizo juu ya mafigo inavyouharakisha moyo, inavyoifunga njia ya tumbo na kupeleka damu kwenye misuli, ili kiumbe kipate kupigana au kukimbia. Na mwaka 1936 Hans Selye, akifanya kazi Montreal, akaonyesha kwamba dhiki ikidumu, ya namna yoyote ile, mwili wenyewe huanza kuharibika. Adrenalini huja kwa kishindo na kuondoka. Kortisoli, homoni ya pili ya dhiki, hutoka taratibu na hukaa, na hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi, maana mwaka 1968 Bruce McEwen wa New York aligundua katika ubongo wa panya kwamba homoni ya jamii hiyo hunaswa kwa wingi na hipokampasi, sehemu inayotutunzia kumbukumbu za wapi na lini. Baadaye ikadhihirika kwamba dhiki ya muda mrefu hunyauisha matawi ya seli za sehemu hiyo, na kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kwayo tunapima maneno kabla ya kuyasema na kuzuia mkono kabla haujapiga, nayo hulegea na kuiachia amigdala hatamu.

Hapo ndipo tabia nyingi za kila siku tunazozihukumu haraka zinapopata tafsiri yake. Mama anayesahau sufuria motoni, mwanafunzi aliyekuwa hodari ambaye sasa husoma ukurasa mmoja mara nne asipate kitu, baba anayempiga mtoto kwa kumwaga kikombe cha maji kisha akalia faraghani kwa majuto, kijana asiyelala usiku na ambaye mchana haamki: majirani huwaita wavivu, wakorofi, waliorogwa, waliokosa imani. Sisemi haya kuwaondolea watu dhima ya matendo yao, kwani mtoto aliyepigwa ana maumivu yake na haki yake, lakini atakaye kulitibu jambo hulijua kwanza asili yake, na asili ya mengi katika haya ni ubongo uliokaa katika hali ya hadhari kwa miaka ambayo maumbile hayakuuandaa kuimudu.

Je, walioona vita wanaweza kupona? Kisa ninachokiona kuwa cha thamani kuliko vyote katika uwanja huu hakikutokea Ulaya bali Nakivale, kambi kongwe iliyo kusini magharibi ya Uganda, ambako Frank Neuner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliwafundisha wakimbizi wenyewe, watu wasio na shahada yoyote ya utabibu, namna ya kukaa na mwenzao na kumsaidia kuusimulia umri wake wote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa hadi leo, wakisimama kwa subira mahali pale palipo pachungu mpaka msimulizi apate kusema alichoona, alichosikia, alichonusa, mwili wake ulivyokuwa, na kisha nini kikafuata. Sababu ya njia hiyo inatoka moja kwa moja katika elimu ya ubongo: wakati wa hofu kuu amigdala huhifadhi harufu, milio na maumivu kwa nguvu kubwa mno, na hipokampasi hushindwa kuyafunga mambo hayo na mahali pake na tarehe yake, hata kumbukumbu ikabaki haina wakati, na harufu ya nyasi za paa zinazoungua huweza kumrudishia mtu usiku wa mwaka 1998 kana kwamba ni usiku huu. Kusimulia kwa utaratibu huirudishia kumbukumbu wakati wake. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2008, wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia waligawanywa katika makundi matatu. Miongoni mwa waliosimulia na kusikilizwa kwa njia hiyo, asilimia 70 hivi hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe, na kati ya waliopewa ushauri wa kawaida kutoka kwa wasaidizi hao hao ilikuwa asilimia 65, ilhali katika kundi lililofuatiliwa tu bila tiba ilikuwa asilimia 37. Nimetaja takwimu zote tatu kwa makusudi, maana zinaonyesha pia kwamba mbinu maalumu haikuushinda sana ushauri wa kawaida, na kwamba kilichokuwa na nguvu ni mtu aliyefunzwa, mwenye kusikiliza, anayeijua lugha na maisha ya anayesema.

Lakini tiba ya kusimulia ina sharti moja: kisa lazima kiwe kimekwisha. Usiku wa kukimbia una mwanzo na mwisho, na ndiyo maana unasimulika. Kungoja hakuna mwisho ambao msimulizi anaweza kuufikia, na hapa elimu ya ubongo ina maneno mazito ya kutuambia.

Mwaka 2016 watafiti wa London wakiongozwa na Archy de Berker walichapisha majaribio waliyowafanyia watu 45 waliojitolea, ambao mbele ya kompyuta walitakiwa kukisia chini ya mawe yapi amejificha nyoka, na kila nyoka alipoonekana walipigwa na umeme mdogo wenye kuuma mkononi. Wakati fulani yakini ilikuwa kamili kwamba umeme utakuja, wakati fulani kwamba hautakuja, na wakati mwingine ilikuwa nusu kwa nusu. Na jasho la ngozi, upana wa mboni za macho na maneno ya wenyewe yalishuhudia jambo moja, kwamba dhiki ilifikia kilele pale kwenye nusu kwa nusu, wala si pale ambapo umeme ulikuwa hauepukiki. Mtu aliyejua kwamba ataumizwa alitulia kuliko yule aliyekuwa na nusu ya tumaini. Nilipolisoma jambo hili mara moja niliwafikiria watu wa Dzaleka ambao kesi zao za kuhamishwa zimekaa miaka, wanaoitwa kuhojiwa, wakaambiwa wangoje, wakaitwa tena, wakapimwa afya, wakaambiwa wangoje, na ambao simu ya mkononi kwao imekuwa kitu cha kuangaliwa usiku wa manane.

Liko la pili linaloambatana na hilo. Mwaka 1967 watafiti Martin Seligman na Steven Maier walieleza majaribio ya mbwa waliopigwa na umeme, wengine wakiwa na kibao cha kusukuma ili umeme ukome, wengine wakipata kiasi kile kile cha umeme bila ya njia yoyote ya kuukomesha. Na kesho yake, walipotiwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa, wale wa kwanza waliruka, na wengi wa wale wa pili walilala chini wakavumilia. Kwa miaka hamsini ilisemwa kwamba wanyama hao walijifunza kukata tamaa. Maier mwenyewe, baada ya kuchunguza ubongo wa panya kwa miaka mingi, alikiri mwaka 2016 kwamba maelezo yao yalikuwa kinyume: kulala chini na kunyamaza ni jibu la asili la ubongo kwa dhiki iliyorefuka, na kinachojifunzwa ni kwamba tendo langu lina taathira; somo hilo likishaingia, sehemu ya mbele ya ubongo huishika na kuizuia ile sehemu ya ndani inayouamuru mwili ulale. Maana yake ni kubwa mno kwa anayefikiri. Anayeketi mlangoni tangu asubuhi hajapungukiwa na ushujaa wala shukrani. Amepungukiwa na nafasi za kutenda jambo na kuona kwamba jambo limebadilika.

Na nafasi hizo zinajulikana ni nani anayezitoa na nani anayezinyima. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwezi Desemba 1987 iliweka sharti za kutojifunga na vifungu kadhaa, vikiwemo vile vya kufanya kazi na vya kutembea na kukaa popote nchini. Hata hivyo kwa miaka mingi wakimbizi wengi walitoka Dzaleka wakajitegemea. Katika mitaa ya Lilongwe na katika masoko yake walifungua maduka, wakashona nguo, wakauza vitenge na vyakula, wakakopeshana na wenyeji, wakajifunza Kichewa, wakasomesha watoto. Mwezi Machi 2023 ikatoka amri ya serikali kwamba warudi kambini, na mwezi Mei askari wakaanza kuwakusanya, pamoja na watoto, maduka yakafungwa, na watu waliokuwa wakila jasho lao wakarudishwa mahali pa kugawiwa chakula ambacho chenyewe hupunguzwa kila fedha za wafadhili zinapopungua. Zipo hoja za serikali kuhusu usalama na kuhusu malalamiko ya wafanyabiashara wenyeji, na nchi maskini ina haki ya kusikilizwa inapolalamika kwamba dunia imeiachia mzigo. Lakini hoja hizo zote haziwezi kufuta ukweli kwamba siku ile maelfu ya bongo zilizokwisha kujifunza kwamba tendo langu lina taathira zilifundishwa kinyume chake. Na wale waliokuwa na matumaini ya nchi ya tatu wakapata la kwao Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, mpango ambao mwaka uliotangulia Wakongo ndio waliokuwa wengi kupita taifa jingine lolote kati ya waliopokewa.

Kwamba mpangilio wa jamii huingia mpaka ndani ya damu ya mtu mmoja mmoja, hili nalo lina ushahidi wake hapa kwetu Afrika Mashariki. Tangu mwaka 1978 mtafiti Robert Sapolsky alikuwa akija Kenya, katika mbuga za Masai Mara, kuwachunguza nyani: akiwachoma kwa mishale ya dawa ya usingizi, akichukua damu yao na kupima homoni za dhiki, kisha akiwaangalia kwa miezi nani anamwonea nani na nani anamchambua nani manyoya. Aliwakuta madume wa daraja la chini, wanaopigwa bila sababu na wasiojua pigo lijalo litatoka wapi, wakiwa na homoni hizo kwa wingi hata wakati wa kupumzika. Na akaona pia kwamba dume mwenye marafiki, anayekaa na majike na kucheza na watoto, alikuwa na siha bora kuliko cheo chake kilivyoashiria. Kisha katika miaka ya 1980 likatokea jambo ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga. Madume wakali wa kundi moja walizoea kwenda kupigania makombo katika jalala la hoteli ya watalii, wakala nyama yenye kifua kikuu, wakafa, na wapole ambao hawakuwa wakienda vitani jalalani wakasalia pamoja na majike. Kundi likabadilika: kuonea wanyonge kukapungua, kuchambuana kukaongezeka, na alama za dhiki ambazo hutarajiwa katika miili ya madume wa daraja la chini hazikuonekana. La ajabu zaidi ni kwamba miaka kumi hivi baadaye, wakati madume wote wa zamani walikuwa wamekwisha kutoweka na waliokuwapo walikuwa wageni kutoka makundi mengine, desturi ile ya upole ilikuwa bado ipo. Wageni waliikuta, wakaifuata. Sapolsky na mwenzake Lisa Share walilichapisha hilo mwaka 2004.

Msomaji mwenye ghera huenda akachukia kusikia wakimbizi wakitajwa katika ukurasa mmoja na nyani, na hasira yake ina haki, kwa sababu elimu ya ubongo iliwahi kutumiwa vibaya katika nchi hizi hizi. J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938 hadi 1950, naye alipopewa kazi hiyo hakuwa na mafunzo ya kutosha ya maradhi ya akili, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 akidai kwamba Mwafrika huitumia sehemu ya mbele ya ubongo kwa uchache, hata akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kueleza saikolojia ya Mau Mau, naye akaitafuta sababu ya uasi ndani ya vichwa vya watu walionyang'anywa ardhi. Mwandishi Frantz Fanon alimjibu ipasavyo katika kitabu chake cha mwaka 1961. Na hapa Malawi, iliyokuwa ikiitwa Nyasaland, mahali pa kwanza pa kuwaweka wagonjwa wa akili palifunguliwa Zomba mwaka 1910 pakiwa ni sehemu ya gereza, na wagonjwa hawakuhamishiwa penginepo mpaka mwaka 1953.

Nayataja haya kwa sababu kosa la Carothers halikufa pamoja naye. Kila mara mtaalamu anapoingia kambini na karatasi zake za maswali, akahesabu wangapi wana huzuni, wangapi wana kiwewe, kisha akaondoka bila ya kutaja foleni, amri, kesi zisizojibiwa na duka lililofungwa, anafanya lile lile kwa lugha ya heshima zaidi: anautafuta ndani ya kichwa cha mtu ugonjwa ambao nusu yake imeandikwa kwenye karatasi za ofisini. Elimu ya ubongo ikisomwa barabara inatuzuia tusifanye hivyo, kwa kuwa inatuonyesha ubongo kama kiungo kinachoumbwa kila siku na mazingira yake. Hata mtoto aliye tumboni hayuko mbali na jambo hili: uchunguzi uliofanywa Goma na Connie Mulligan na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, uliwaangalia kina mama 25 na watoto wao wachanga, ukaona kwamba kadiri mama alivyopitia dhiki kubwa wakati wa mimba, ndivyo zilivyoonekana alama fulani za kikemia juu ya jeni inayohusika na kuipokea kortisoli katika mwili wa mtoto, na ndivyo uzito wake wa kuzaliwa ulivyopungua. Idadi hiyo ni ndogo na haitoshi kujengea hukumu. Inatosha kutufanya tuulize ni nini kinachowapata watoto wanaobebwa mimba kambini.

Yako mambo ya kufanywa, na hayahitaji kungoja madaktari bingwa wa akili, ambao katika Malawi yenye watu zaidi ya milioni 20 wanahesabika kwa vidole. Katika vijiji vya Kivu, nchi ambayo wengi wa watu wa Dzaleka waliitoka, wanawake waliofanyiwa ukatili na watu wenye silaha walikusanywa katika vikundi vidogo chini ya wasaidizi wenyeji waliofunzwa kuwaongoza kupima upya fikira zilizowalemea, kama ile ya kwamba kosa lilikuwa lao. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuwa kwamba baada ya miezi sita asilimia 9 tu ya wanawake wa vikundi hivyo walibaki na dalili za huzuni au wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa, wakati miongoni mwa waliosaidiwa mmoja mmoja kwa njia ya kawaida walikuwa asilimia 42. Dzaleka haikosi watu wa kufundishwa kazi kama hiyo. Wamo walimu, wauguzi, wachungaji, masheikh, kina mama wenye busara ambao tayari majirani huwapelekea habari zao usiku, bila mshahara na bila mafunzo.

Na kuna tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Menes La Plume, Mkongo aliyefika Dzaleka akiwa mkimbizi mwenyewe, ambalo huwaleta kambini wanamuziki, wachezaji ngoma na wageni kutoka Lilongwe na nchi za mbali. Wataalamu wa Oxford wakiongozwa na Robin Dunbar wamekwisha kuonyesha kwamba watu wakiimba au kucheza pamoja kwa mwendo mmoja uwezo wao wa kustahimili maumivu huongezeka, jambo wanalolihusisha na kemikali za kutuliza ambazo ubongo hujitengenezea wenyewe. Mimi naona jambo jingine katika tamasha hilo ambalo ni kubwa kuliko muziki. Wageni hulala katika nyumba za wakimbizi. Mama ambaye mwaka mzima amesimama foleni kupokea, siku hizo mbili tatu yeye ndiye mwenye nyumba: anatandika kitanda, anaamua chakula gani kitapikwa, anamkaribisha mtu aliyetoka mjini kwa gari lake, na mgeni anasema ahsante mama. Maier angetambua mara moja ni sehemu gani ya ubongo iliyokuwa ikifanya kazi.

Siku mbili tatu hazitoshi. Ofisi zinazoshika mambo ya watu hawa zinaweza leo kubandika tarehe na kuitimiza, zinaweza kumjulisha mtu kesi yake imefika wapi, na pale ambapo jibu ni hapana zinaweza kusema hapana, maana majaribio ya London yametufunza kwamba hapana iliyo wazi ni nyepesi kuibeba kuliko nusu ya tumaini inayonyoshwa kwa miaka kumi. Kuhusu lile kubwa zaidi, yaani haki ya kufanya kazi na ya kutembea, Mkataba wa Wakimbizi wenyewe, katika kifungu chake cha 42, unairuhusu nchi yoyote iliyoweka sharti kuziondoa wakati wowote ipendapo, na utaratibu uliowekwa hauhitaji mkutano wala fedha: ni taarifa ya maandishi kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambayo ofisi za serikali zilizoko Capital Hill, mwendo mfupi kutoka Old Town, zinaweza kuiandika kwa siku moja.